Mfanyakazi Ana Mikono, Ana na Kinywa

Hapa kwetu Majengo, katika mji wa Goma, kuna malalamiko mawili yanayosikika kila siku, na mara nyingi husikika katika ua mmoja. Fundi seremala mwenye karakana na vijana wanne husema hivi: "Vijana wa siku hizi hawapendi kazi. Ukigeuka tu, msumeno umelala. Misumari inapotea, na hakuna aliyeiona." Nao vijana, jioni wakikung'uta vumbi la mbao, husema hivi: "Mkubwa hatusikii. Tulimwambia ubao huu ni mbichi, utapinda. Akasema, fanyeni tu. Sasa umepinda, na fedha inakatwa kwetu."

Kila mmoja anasema kweli kwa upande wake. Lakini nyuma ya maneno hayo limejificha swali ambalo si la Majengo peke yake: je, mfanyakazi akiulizwa, akisikilizwa, akashirikishwa katika kuamua mambo ya kazi yake, tabia yake hubadilika? Na kazi yenyewe, huzidi au hupungua? Wako wasemao kwamba kumpa mfanyakazi neno ni kumharibu. Wako wengine wasemao kwamba ndiyo dawa ya kila ugonjwa. Sisi tumeona vema kuiuliza historia, maana historia haimwogopi tajiri wala haimbembelezi maskini. Yaonyesha tu lililotendeka na matunda yake. Tutaanza Katanga, tutatazama kidogo Marekani na Norway, tutapita Tanzania, kisha tutarudi nyumbani kando ya ziwa letu.

Nyumba, posho na hospitali

Kompani ya Union Minière iliundwa mwaka wa 1906 ili kuchimba shaba ya Katanga. Miaka ile ya kwanza wafanyakazi walichukuliwa kwa mikataba ya muda mfupi, wengi kwa kushurutishwa. Walitoka mbali, wengine Angola, wengine Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na baadaye hata Rwanda na Burundi. Magonjwa yaliwaua wengi. Waliobaki walikuwa na hamu moja tu, kumaliza siku zao na kurudi makwao. Mtu wa namna hiyo hajifunzi kazi, wala hana sababu ya kuitunza mashine. Leo kapita amemfundisha, kesho ameondoka, na kesho kutwa kapita anaanza tena na mwingine.

Kwenye mwaka wa 1928 kompani iligeuza njia. Mkataba ukawa wa miaka 3. Mfanyakazi aliruhusiwa kuja na mke wake, akapewa nyumba kambini, posho, hospitali, na shule ya watoto. Yatupasa kusema kweli: matunda mema yalionekana. Vifo vilipungua. Watu walikaa, wakajifunza, na baada ya miaka michache Waafrika walishika kazi za ufundi ambazo kwanza zilishikwa na Wazungu peke yao.

Lakini kitu kimoja hakikutolewa, nacho ni kinywa. Mambo yote yalipangwa na wakubwa: nyumba gani, chakula kiasi gani, nani aingie kambini na nani asiingie. Mfanyakazi alipewa kama mtoto apewavyo na mzazi. Shida ya fedha ilipoushika ulimwengu mwote baada ya mwaka wa 1929, na bei ya shaba ikaanguka, maelfu ya wafanyakazi waliondolewa, wala hawakuulizwa neno. Kisha ikaja vita kuu ya pili. Shaba ilitakiwa sana, kazi ikaongezwa, bei ya nguo na ya vyakula ikapanda, na mshahara haukupanda kwa kiasi hicho.

Basi, mnamo Desemba 1941 wafanyakazi wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, waliweka zana chini. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira. Mmoja wao, Léonard Mpoyi, mtu aliyekuwa amesoma, alisimama kuwasemea wenzake juu ya mshahara. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika mwenyewe. Mazungumzo yalishindikana, na askari wakapiga risasi. Mpoyi alikuwa mmoja wa waliokufa. Hesabu za waliouawa zinatofautiana, lakini hata iliyo ndogo ni ya makumi ya watu.

Tuangalie jambo moja ambalo wengi hawalioni. Waliogoma mwaka wa 1941 hawakuwa wale wa kwanza, waliokufa kwa kuhara na homa katika vibanda. Wale wa kwanza walitoroka usiku. Walikuwa hawa waliotunzwa vizuri zaidi, wenye nyumba, wenye wake na watoto, wenye ufundi mkononi. Wakubwa walishangaa: "Tumewapa kila kitu!" Kumbe ndivyo ilivyo. Mtu aliyekaa mahali, akaijua kazi, akalea watoto wake hapo, amekwisha kuwa na neno la kusema. Ukimjengea nyumba na kumnyima mlango wa maneno, siku moja neno lake litatoka kwa kuvunja ukuta.

Baraza la kuzungumza juu ya sabuni

Baada ya hayo serikali ya Ubelgiji iliona kwamba lazima njia ifunguliwe. Mwaka wa 1946 ilitoa sheria zilizoruhusu vyama vya wafanyakazi Waafrika, chini ya uangalizi mkali wa serikali, tena zikaweka mabaraza ya wafanyakazi ndani ya kompani kubwa. Wajumbe wa wafanyakazi walikutana na wakubwa wao mezani, jambo ambalo miaka 5 kabla yake lilipigwa risasi.

Ilikuwa hatua kweli. Lakini mabaraza yale yaliwekwa ili yatoe mashauri tu. Wajumbe walizungumza juu ya chakula, nyumba, nguo za kazi na mambo mengine ya kambi. Kuamua kulibaki kwa wakubwa. Mjumbe alirudi kwa wenzake na majibu ya mambo madogo, na juu ya lile kubwa lililowasumbua, yaani mshahara na kupandishwa cheo, alirudi mikono mitupu. Mjumbe wa namna hiyo hupoteza heshima mara mbili: wakubwa humwona msumbufu, wenzake humwona kibaraka.

Hapo ndipo tunapata fundisho la kwanza. Kumpa mtu neno katika jambo lisilo na uzito, na kumnyima katika lile lenye uzito, si kumpa neno. Ni kumwonyesha mlango uliochorwa ukutani.

Wanawake wa Virginia na mafundi wa viatu

Mtu aweza kusema: "Hayo ni mambo ya ukoloni. Je, mahali pengine?" Swali ni jema. Miaka ile ile, huko Marekani, katika mji wa Marion, jimbo la Virginia, kulikuwa na kiwanda cha kampuni ya Harwood kilichoshona nguo za kulalia. Wafanyakazi walikuwa wanawake wengi, nao walilipwa kwa hesabu ya kazi waliyotoa. Kila mara wakubwa walipobadili namna ya kufanya kazi, taabu ilitokea: kazi ilipungua, manung'uniko yakazidi, na wengine wakaacha kazi kabisa.

Wataalamu wawili, Lester Coch na John French, walijaribu jambo, nao wakaandika habari zake mwaka wa 1948. Kundi moja liliitwa na kuambiwa tu: "Kuanzia sasa tutafanya hivi, na bei ni hii." Kundi la pili lilichagua wajumbe wake, nao wakashiriki katika kupanga kazi mpya. Makundi mengine yalishirikishwa watu wote pamoja. Wote walionyeshwa kwa nini mabadiliko yanatakiwa.

Matokeo yalikuwa wazi. Katika kundi lililoamriwa tu, kazi ilianguka wala haikuinuka tena. Wakagombana na kapita wao, na katika siku 40 za kwanza watu 17 katika kila 100 waliacha kazi. Katika kundi la wajumbe kazi ilianguka kidogo, kisha ikarudi baada ya majuma mawili hivi. Katika makundi ya watu wote, ilirudi baada ya siku chache, ikapanda hata kupita ile ya zamani kwa 14 katika 100. Wala hakuna aliyeacha kazi siku zile.

Lakini jambo linalotugusa zaidi ni hili. Baada ya miezi miwili na nusu, wale waliobaki wa kundi la kwanza, lile la wagomvi na wavivu, walipewa kazi nyingine mpya, na safari hii walishirikishwa wote. Nao wakafanya vizuri kama wenzao. Watu walikuwa wale wale, na mikono ile ile. Kilichobadilika ni namna walivyoitwa kazini. Basi, tunapomwita kijana "mvivu," yafaa kwanza tujiulize kama uvivu ule umo ndani ya mifupa yake au umo katika namna tunavyomwamuru.

Hata hivyo tusikimbilie kushangilia. Mwaka wa 1960 French, pamoja na wataalamu wengine wawili, alitoa habari za jaribio kama hilo katika kiwanda cha viatu nchini Norway. Huko kazi haikuzidi. Walipochunguza sababu, waliona kwamba mambo waliyopewa wafanyakazi kuyaamua hayakuwa na uzito kwao, na wengine hawakuona kwamba ile ndiyo njia ya haki ya kuwashirikisha. Norway haikuwa koloni. Tena vyama vyake vya wafanyakazi vina nguvu. Lakini fundisho ni lile lile la mabaraza ya Katanga: neno la bure halizai tunda.

Mwaka mmoja baadaye, Mei 1961, Papa Yohane XXIII aliandika barua yake Mater et Magistra. Humo alifundisha kwamba wafanyakazi wapasa kuwa na sehemu katika uendeshaji wa kampuni wanamofanya kazi. Tena alisema jambo zito: mpango wa kazi ukiwazuia watu kutumia akili yao na kuchukua madaraka, mpango huo si wa haki, hata kama mali ni nyingi na imegawanywa vema. Msomaji aliyefuata habari za Katanga ataelewa mara moja maana yake. Nyumba na posho ni vitu vyema, lakini havilipi deni la kumnyamazisha mtu.

Kifungu cha 15

Sasa tuvuke mpaka twende kwa jirani zetu wa Tanzania, maana huko jaribio hili lilifanywa kwa nchi nzima, tena kwa lugha yetu ya Kiswahili.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967, viwanda na mabenki mengi yaliwekwa mikononi mwa serikali. Lakini punde wafanyakazi waliona kwamba mwenye kiwanda amebadilika, na kiti cha meneja ni kile kile, na ukali ni ule ule. Mnamo Februari 1970 Rais Julius Nyerere alitoa waraka wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Nayo pia, kama yale ya kwetu ya mwaka wa 1946, yalikuwa ya kushauri zaidi kuliko kuamua.

Mwaka uliofuata, Februari 1971, majuma machache baada ya Idi Amin kunyakua serikali ya Uganda, chama cha TANU kilitoa andiko fupi liitwalo Mwongozo. Kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu. Andiko hilo lilisema pia kwamba maendeleo ya kweli ni yale yanayowaongezea watu uwezo juu ya mambo yao wenyewe.

Wafanyakazi waliusoma Mwongozo. Wengi walikishika kifungu cha 15 kwa moyo. Na walipomwona meneja anayetukana watu, au anayetumia gari la kiwanda kwa anasa zake, walimsomea kifungu hicho mbele ya uso wake. Mwandishi wa sheria Issa Shivji, aliyeandika habari za miaka hiyo, alihesabu migomo kama 30 tangu Februari 1971 hata Septemba 1973, iliyowagusa wafanyakazi zaidi ya 20,000. Nayo haikuwa yote migomo ya mshahara. Mingi ilitoka katika matusi, dharau na upendeleo. Mahali pengine wafanyakazi walimfungia meneja mlango, wao wenyewe wakabaki ndani wakiendelea na kazi. Mwaka wa 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel mjini Dar es Salaam, walimkataa mwenye kiwanda, wakakiendesha wenyewe, na serikali ikakubali. Lakini wengine walipotaka kufuata mfano huo walizuiwa. Serikali iliyowapa watu Mwongozo ilishtuka ilipoona watu wameuamini.

Twajifunza nini hapa? Kwanza, kwamba mtu akisha kuambiwa "wewe una heshima," hawezi tena kuvumilia matusi aliyoyavumilia jana. Wakubwa wengine huliita jambo hilo utovu wa nidhamu. Sisi twaona ni tunda la kwanza la heshima, na ni tunda chungu kwa aliyezoea kuamuru. Pili, mwenye kutoa neno ajiandae kulisikia. Ukimpa mtu neno leo na kumziba kinywa kesho, umemfanya kuwa mbaya kuliko kama hukumpa. Aliyekuwa hana tumaini alinyamaza. Aliyepewa tumaini akanyang'anywa, huyo hukasirika, au hukaa kimya kwa uchungu, akifanya kazi nusu.

Tatu, haki hutembea pamoja na wajibu. Mwaka wa 1977, alipotazama miaka 10 ya Azimio la Arusha, Nyerere mwenyewe alikiri kwamba woga wa zamani kazini ulikuwa umeondoka, lakini nidhamu ya mtu mwenyewe ilikuwa bado haijashika mahali pake. Akasema kwamba mtu anayepokea mshahara naye hafanyi kazi ya haki, huyo pia ni mnyonyaji, maana anakula jasho la wenzake. Neno hili lapaswa kusikiwa na vijana wetu. Kinywa si cha kudai tu. Aliyeshiriki kuamua hana tena ruhusa ya kusema, "Mimi sikujua."

Mwenye mali amebadilika, na mfanyakazi je?

Mwaka ule ule wa 1973, sisi huku Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, tulipewa jaribio la namna nyingine. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba, maduka na biashara nyingi za wageni zitapewa Wazaire. Katika Kivu mashamba ya kahawa na ya chai yalipata mabwana wapya. Watu walishangilia, wakadhani sasa mali ni yetu.

Wazee waliokuwa vijana siku zile wangali wanayasimulia yaliyofuata. Waliopewa mali wengi walikuwa wakubwa wa siasa na rafiki zao, waliokaa mbali mijini. Wengine waliuza bidhaa zilizokuwamo, wakala fedha, wasinunue nyingine. Mishahara ilichelewa au ilikoma. Miti ya kahawa ikaachwa kwenye majani. Kabla ya mwaka wa 1977 kuanza, serikali ilikuwa imekwisha kuwaita wenye mali wa zamani warudi kuchukua sehemu kubwa ya walivyokuwa navyo.

Wengi husema kosa lilikuwa kuwapa mali watu wasiojua kazi. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Katika kila shamba walikuwamo watu walioijua kazi sana: kapita aliyejua mti upi unaugua, mama aliyejua kupanga majani ya chai, fundi aliyejua sauti ya mashine ikitaka kuharibika. Hao hawakuulizwa na Mzungu, wala hawakuulizwa na Mzaire aliyemfuata. Rangi ya bwana ilibadilika, na kinywa cha mfanyakazi kikabaki kimefungwa. Ndiyo maana hakukuwa na mtu wa kusema, "Hapana, miche hii isiuzwe," wakati mali ilipokuwa inabomoka mbele ya macho ya wote.

Kahawa ya Minova

Tumalize safari kwa jambo la karibu na la kutia moyo. Kando ya ziwa Kivu, kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Bukavu, iko Minova. Baada ya vita vya miaka ya 1990 wakulima wa kahawa wa huko hawakuwa na soko. Walipakia kahawa yao katika mitumbwi usiku, wakavuka ziwa kwa siri kwenda Rwanda, wakauza kwa bei aliyoitaka mnunuzi. Wengi walikufa maji, wakaacha wajane na mayatima.

Mwaka wa 2003 wakulima waliunda ushirika wao uitwao Sopacdi. Mkulima si mfanyakazi wa mshahara, hilo twalijua. Lakini swali letu ni lile lile: mtu akiwa na neno juu ya kazi yake, huifanyaje? Alipokuwa akiuza usiku kwa mlanguzi, mkulima hakuwa na sababu ya kuchagua tunda. Mbichi na mbivu vyote viliingia gunia moja, maana bei ilikuwa moja, na mnunuzi hakumwuliza kitu. Ushirika ulipopata mahali pa kuoshea kahawa na wanunuzi wa nchi za mbali wanaotazama wema wa kahawa, mambo yaligeuka. Sasa tunda bichi la mmoja liliharibu bei ya wote, na wote walikuwa wanachama wenye haki ya kusema mkutanoni. Hivyo kuchuma tunda jekundu peke yake hakukuwa tena amri ya bwana. Kulikuwa patano la watu wenyewe. Kahawa ya Minova, iliyokuwa ikipita usiku bila jina, ikaanza kuuzwa Ulaya na Marekani kwa jina lake.

Sisi na karakana zetu

Basi, tuiweke historia hii katika mitaa yetu. Nchi yetu ina sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, nayo yatambua wajumbe wanaochaguliwa na wafanyakazi. Lakini kazi nyingi za Majengo ni za watu watatu, wanne, watano: useremala, ushonaji, gereji, duka la mbao, mkate, chukudu. Huko mkaguzi wa kazi haonekani, wala baraza halipo. Ndiyo kusema mambo yote yanategemea moyo na akili ya mkubwa wa kazi na ya vijana wake.

Tutazame chukudu. Kijana anayesukuma chukudu cha mtu mwingine, akimpelekea fedha zake kila jioni, hupakia viazi hata ubao ulie, maana chukudu kikivunjika hasara si yake. Lakini mwenyewe akiwa amepatana na mwenye chombo kwamba kila siku sehemu ya fedha ni malipo ya kukinunua, utamwona jioni amekipindua, anatazama raba ya gurudumu, anagonga kila msumari. Hakuna aliyemhubiria. Amepewa sehemu, na sehemu imempa macho.

Kwa wakubwa wa kazi twasema hivi. Waulizeni vijana wenu juu ya jambo lenye uzito, si juu ya rangi ya ukuta. Ulizeni kabla ya kukata ubao, kabla ya kupatana bei na mteja, kabla ya kununua mashine ambayo wao ndio watakaoishika. Kama shauri lao haliwezekani, waambieni sababu. Mtu mzima huvumilia kukataliwa, hawezi kuvumilia kupuuzwa. Waonyesheni hesabu: mbao zimegharimu kiasi gani, mteja amelipa kiasi gani, kimebaki nini. Wengi huogopa hapo, wakidhani kijana akijua hesabu atadai. Labda atadai kweli. Lakini anayejua bei ya msumari huuokota ukianguka.

Kwa vijana twasema hivi. Ukiulizwa, sema kweli, wala usiseme la kumpendeza mkubwa kisha ukamcheka nyuma ya nyumba. Mkisha kuamua pamoja, fanya kama ulivyosema. Ubao ukipinda baada ya wewe kukubali, beba sehemu yako ya hasara. Na mwenzako akiiba misumari, usingoje mkubwa aone. Kazi iliyo yenu ninyi yawapasa mwilinde ninyi. Nao wanaonyamaza siku ya shauri na kunung'unika siku ya mshahara wajue kwamba wao wenyewe wamefunga mlango uliokuwa wazi.

Si kwamba neno la mfanyakazi litaondoa taabu zote. Barabara zikifungwa na vita, bei ya mbao ikipanda, wateja wasipokuwa na fedha, hata karakana yenye mapatano mazuri hupata njaa. Tanzania nayo ilipatwa na mengi yasiyotoka viwandani mwake: bei ya mafuta tangu mwaka wa 1973, ukame, na vita ya Uganda ya mwaka wa 1978 na 1979. Lakini siku ya taabu ndiyo siku ya kuonekana tofauti. Mahali ambapo watu waliamriwa tu, kila mmoja hukimbia na alichoweza kubeba. Mahali ambapo watu waliamua pamoja, hukaa wakaulizana, "Sasa tufanyeje?"

Swali hilo dogo ndilo ambalo kompani ya Katanga haikuliuliza kabla ya mwaka wa 1941, na ambalo waliopewa mashamba ya Kivu hawakuliuliza baada ya mwaka wa 1973. Halihitaji sheria mpya wala fedha. Mkubwa wa kazi aweza kuliuliza Jumatatu asubuhi, kabla msumeno haujaanza kulia.